Kifaa, zana, chombo, mtambo: lipi liandikwe wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Ninaandika mwongozo wa karakana ya ujenzi pamoja na orodha ya vitu vilivyomo stoo. Kila ninapoandika "kifaa", mwenzangu anafuta na kuweka "zana". Mkuu wetu naye anataka "vitendea kazi" kila mahali, na humo humo kuna "chombo" na "mtambo". Je, maneno haya yana tofauti ya kweli au ni mazoea tu? Na lipi sahihi, "vifaa vya kupima" au "vifaa vya kupimia"? Nimekwama kwenye sentensi hizi tatu: (1) "Zana zote za ujenzi, yaani saruji, nondo na toroli, zihifadhiwe mahali pakavu." (2) "Vifaa vya kupima virudishwe kabatini." (3) "Mtambo wa kuchanganyia zege na vyombo zake zisafishwe kila jioni."

Jibu: Tofauti ipo, na kwenye orodha ya stoo inaweza kugharimu. Mtu akisoma kwenye mkataba kwamba "mkandarasi ataleta vifaa vyake", hajui kama saruji imo au haimo, na ugomvi unaanzia hapo. Lakini tofauti yenyewe haiko pale wengi wanapoitafuta. Watu hutazama ukubwa wa kitu, au kama kina injini, au kama ni cha kisasa. Kiswahili hutazama kwanza uhusiano wa kitu na kazi: kinafaa kwa kazi hiyo, kinashikwa na mfanyakazi, kinabeba kitu ndani yake, au kinafanya kazi chenyewe? Kila neno kati ya hayo uliyoyataja linajibu swali lake.

Nianze na kifaa, maana ndilo pana kuliko yote na ndilo lenye utata zaidi. Limetokana na kitenzi -faa, likatanguliwa na ki- ya ngeli ya ki-vi. Kifaa, basi, ni kitu kinachofaa kwa shughuli fulani. Neno halisemi kitu kina umbo gani, kinashikwa mkononi au kimefungwa sakafuni, kinadumu au kinaisha kikitumika. Ndiyo maana duka la vifaa vya ujenzi huuza saruji, nondo, mabati, misumari na rangi, na rafu ya pili yake imejaa nyundo na misumeno. Vifaa vya shule ni madaftari, kalamu na mkebe wa hesabu. Vifaa vya usafi ni ufagio na ndoo, na sabuni pia. Hospitalini, vifaa tiba ni pamoja na glovu zinazotupwa baada ya kuvaliwa mara moja na mashine ya eksirei inayotumika kwa miaka.

Hapo kuna jambo ambalo kamusi nyingi hazilisemi waziwazi: wingi na umoja wa neno hili havilingani kimaana. Vifaa, kwa wingi, hubeba hata vitu vinavyoisha. Kifaa, kwa umoja, hakifanyi hivyo. Ukiwa na mifuko mia ya saruji utasema umenunua vifaa vya ujenzi, lakini hakuna anayeunyooshea kidole mfuko mmoja wa saruji akasema "nipe kifaa hicho". Umoja wa neno hili umebaki na maana ya kitu kizima kilichotengenezwa kwa kazi maalumu: kifaa cha kupimia shinikizo la damu, kifaa cha kunasia sauti. Ndiyo maana simu na kompyuta zimelipokea vizuri. Ujumbe wa "umeingia kwenye akaunti kupitia kifaa kingine" unaeleweka na kila mtu. Kwa hiyo ukikuta sentensi yenye "vifaa" na hujui kama mwandishi alimaanisha vitu vya kudumu, jaribu kuigeuza iwe ya umoja. Ikigoma kukaa, basi humo ndani kuna vitu vinavyoisha, na huenda unahitaji kuvitenga.

Vitu vinavyoisha unavitengaje? "Malighafi" husaidia mahali pa kuzalisha, ambapo kitu kinaingia kikiwa kibichi na kutoka kikiwa bidhaa: pamba, ngozi, chuma cha kuyeyusha. Kwenye ujenzi saruji huitwa malighafi mara chache. Mafundi husema "vifaa" tu, na wewe usipingane nao. Ongeza maelezo: "vifaa vinavyoisha kwa matumizi". Kifungu kinarefuka, ndiyo, lakini hakina mlango wa nyuma. Vitu vinavyobadilishwa ndani ya mashine vina jina lao, vipuri, ambavyo gereji huitwa spea. Visiwekwe kundi moja na vifaa vingine, kwa sababu kipuri hakina kazi mpaka kiwe ndani ya kitu kingine.

Sasa zana. Hapa mwenzako ana hoja, ingawa ameivuta kupita kiasi. Zana ni kitu ambacho mtu hukitumia kufanya kazi juu ya kitu kingine, na kazi ikiisha zana hubaki. Nyundo, patasi, randa, bisibisi, spana, mwiko, timazi, beleshi: hizo ni zana bila ubishi. Ubao uliorandwa ni kitu kingine, na randa ni ile ile. Kipimo rahisi ni kuuliza: je, kazi ikikamilika, kitu hiki kimebaki ndani ya kazi au kimerudi stoo? Saruji na nondo zimebaki ukutani, basi si zana. Toroli limerudi, basi ni zana. Sentensi yako ya kwanza imeanguka hapo hapo.

Zana haibanwi na ukubwa. Zana za kilimo huanzia jembe la mkono hadi trekta, na zana za kivita huanzia bunduki hadi kifaru. Zana za uvuvi ni pamoja na nyavu, ndoana na madema, na ndiyo maana taarifa za kukamata "zana haramu za uvuvi" huwa zinahusu nyavu za macho madogo na makokoro. Neno hili pia limeingia kwenye programu za kompyuta, ambako menyu yenye vitendo vya kurekebisha na kukagua huitwa Zana, na hilo limefaa kwa sababu mtumiaji anavitumia juu ya faili, kisha vinabaki. Walimu nao wana zana za kufundishia, yaani ramani, chati, vielelezo. Wengine huziita nyenzo za kufundishia, na nitalirudia hilo.

Tahadhari moja ya tahajia, kwa sababu kosa hili linaonekana hata kwenye nyaraka nzuri: zana si dhana, na wala si zama. Dhana ni wazo au fikra inayoeleza jambo. Zama ni kipindi cha historia. Zama za Mawe ni kipindi ambacho watu walitumia zana za mawe. Ukiandika "dhana za kilimo" umezungumzia mawazo ya kilimo, na trekta halimo. Anayetamka dh na z bila kuzitofautisha ndiye anayeangukia shimo hili. Kikagua tahajia hakitamwokoa, maana maneno yote matatu yapo.

Chombo kina tabia tofauti kabisa. Kiini chake ni kupokea na kubeba. Sufuria, bakuli, kikombe na sahani ni vyombo. Ndiyo maana mtu akisema "naosha vyombo" hakuna anayeuliza vyombo gani. Jahazi, mashua na ngalawa ni vyombo, na pwani neno hili likitajwa peke yake hueleweka hivyo mara nyingi. Methali ya "chombo cha kuzama hakina usukani" haizungumzii sufuria. Kutoka baharini neno likapanda nchi kavu likawa chombo cha usafiri na vyombo vya moto, yaani magari na pikipiki, kisha likaruka likawa chombo cha anga. Ukilishika wazo la kubeba, hata matumizi yanayoonekana ya mbali yanakaa: vyombo vya habari hubeba habari, na Bunge huitwa chombo cha kutunga sheria kwa sababu limebebeshwa madaraka hayo. Vyombo vya dola vimefuata njia hiyo hiyo.

Kuna upana mwingine wa nyumbani: mtu akihama "anahamisha vyombo", na humo mna kitanda na kabati pia. Hayo ni mazungumzo. Kwenye orodha ya stoo kabati ni samani.

Katika karakana, chombo kitumike kwa kile kinachobeba au kuhifadhi: ndoo, pipa, karai, mtungi, dumu. Maabara inatoa mfano mzuri. Vifaa vya maabara ni kila kitu mle ndani. Vyombo vya maabara ni bikari, chupa na mirija ya kioo ambamo vimiminika humiminwa. Hadubini ni kifaa, na haijawa chombo kwa kuwa haikuwekewa kitu cha kubeba. Sentensi yako ya tatu ina "vyombo" ambavyo, nikielewa vizuri, ni mabeleshi na miiko iliyotumika kwenye zege. Hizo ni zana. Kama umemaanisha ndoo na makarai, vyombo ni sahihi.

Ala nalipitia haraka kwa kuwa karakana haiihitaji. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni zana au kifaa kwa jumla, lakini Kiswahili cha leo kimelibana kwenye muziki: zeze, marimba, kayamba na zumari ni ala za muziki. Wanamuziki wenyewe, hasa wa bendi, husema "vyombo", na huwezi kuwaambia wamekosea. Wanaisimu nao wana ala za matamshi: ulimi na midomo ni ala sogezi, meno na kaakaa ni ala tuli. Lipo pia neno jingine la umbo hili hili, ala ya kisu au ya upanga, yaani kile kifuko kinachoingiziwa makali. Ukiwa na mapanga stoo, kumbuka kwamba "ala za mapanga" ni vifuko, ili asije mtu akaagiza kitu kingine.

Mtambo na mashine ndiyo sehemu ambayo watu hubishana zaidi, na kwa haki, kwa sababu mpaka wake umehama. Zamani mtambo ulikuwa utaratibu wa sehemu zinazofyatuka au kusukumana: mtambo wa bunduki, mtambo wa mtego. Wazo la sehemu kadhaa zinazofanya kazi pamoja ndilo lililobaki. Leo mtambo ni mfumo mkubwa wa mashine uliosimikwa au uliounganishwa kwa kazi moja: mtambo wa kuzalisha umeme, mtambo wa kusafisha maji, mitambo ya mawasiliano. Ndani ya mtambo mmoja wa umeme unaweza kukuta mashine nyingi. Mashine ni kitu kimoja chenye mwendo wake: mashine ya kusaga, mashine ya kukata vyuma, mashine ya kuchanganya zege. Ukiweza kukisukuma au kukihamisha kikiwa kizima, na kina kazi moja, kiite mashine. Kama kukihamisha ni lazima kifunguliwe vipande na kisimikwe upya, mtambo linakaa vizuri zaidi.

Kuna jambo moja linavunja kanuni hiyo. Magreda, makatapila na mashine za kushindilia barabara huitwa mitambo, ingawa zinatembea zenyewe, na anayeziendesha ni dereva wa mitambo. Matumizi hayo yamekomaa, usiyasahihishe. Kichanganyio kidogo cha zege chenye magurudumu mawili ni mashine tu. Kituo kizima cha kuchanganyia zege, chenye matangi ya saruji, mizani na mikanda ya kupandishia kokoto, ni mtambo. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha sentensi ya tatu, nenda kaangalie mlicho nacho.

Nyenzo na vitendea kazi ni ndugu kwa matumizi, si kwa asili. Umoja wa nyenzo ni wenzo, na katika fizikia wenzo ni ule mti au chuma kinachoegeshwa kwenye egemeo ili nguvu ndogo iinue mzigo mkubwa. Chukua mtaimbo wa mita 1, weka egemeo sentimita 20 kutoka kwenye mzigo, bonyeza upande wa pili ulio sentimita 80 kutoka kwenye egemeo: mzigo wa kilo 80 utalingana na uzito wa kilo 20 tu mkononi mwako, kwa kuwa 80 mara 20 ni sawa na 20 mara 80, ukiacha uzito wa mtaimbo wenyewe. Hapo ndipo neno lilipopata maana yake ya pili. Nyenzo ni chochote kinachofanya juhudi ndogo izae tokeo kubwa: fedha, usafiri, watu, maarifa, vitabu. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuwa na nyenzo za kufundishia, na kiongozi anaweza kulalamika kwamba ofisi yake haina nyenzo, bila kumaanisha kitu kimoja cha kushika. Kwenye orodha ya stoo neno hili ni pana mno. Liweke kwenye dibaji au kwenye mpango wa bajeti.

Kitendea kazi limejieleza lenyewe: ki-, kitenzi -tenda kikiwa katika hali ya kutendea, kisha "kazi". Ni kitu cha kutendea kazi. Uzito wake uko kwa mfanyakazi na mwajiri wake: pikipiki ya ofisa ugani, kompyuta ya mhasibu, redio ya mlinzi. Ukisema "wafanyakazi wapewe vitendea kazi" umezungumzia haki na wajibu. Mkuu wenu yuko sahihi kulitumia kwenye sura inayoeleza nani anakabidhiwa nini na anawajibika vipi. Si sahihi kulitaka likae kila mahali, kwa sababu mtambo wa umeme wa jengo zima si kitendea kazi cha mtu yeyote, na saruji pia si hicho.

Nije kwenye kupima na kupimia, ambako naomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu ndiko makosa ya kweli yaliko, kuliko hata kwenye uchaguzi wa nomino.

Kiswahili kina kiambishi cha kutendea, na moja ya kazi zake ni kuonyesha kitu kinachotumika kufanyia tendo. Kalamu ni ya kuandikia, kisu ni cha kukatia, kikombe ni cha kunywea, mafuta ni ya kupikia, sabuni ni ya kufulia. Kitenzi kikibaki bila kiambishi hicho, nomino iliyokitangulia husomeka kuwa ndiyo inayotendwa. Nguo za kufua ni nguo chafu zinazosubiri maji. Nyama ya kupika ni nyama itakayoingia chunguni. Barua ya kuandika ni barua ambayo haijaandikwa. Sasa soma tena: "vifaa vya kupima". Kwa kipimo hicho ni vifaa vinavyosubiri kupimwa! Wasomaji wengi watakuelewa kwa muktadha, lakini stoo ina kabati la vifaa vinavyopimia na pengine rafu ya vile vinavyosubiri kupimwa au kukaguliwa. Mbaya zaidi ni "vifaa vya kutengeneza". Kibandiko hicho kwenye sanduku, mmoja atakisoma kuwa humo mna vitu vibovu vinavyongoja fundi, mwingine atadhani ni spana na bisibisi za kutengenezea. Andika "vifaa vya kutengenezea" kwenye sanduku la zana, na "vifaa vinavyosubiri matengenezo" kwenye lile jingine.

Umbo la kiambishi hufuata irabu ya mzizi. Mzizi ukiwa na a, i au u, weka -ia: kata, katia, pima, pimia, funga, fungia. Ukiwa na e au o, weka -ea: chora, chorea, osha, oshea, pekecha, pekechea. Kitenzi kinachoishia kwa irabu mbili hurudisha l iliyokuwa imejificha: fua, fulia, toboa, tobolea, noa, nolea, ng'oa, ng'olea. Vya mkopo vinavyoishia kwa -u, kama -jaribu, hupata -ia: jaribia. Vile vya -sha hufuata irabu iliyotangulia sh: safisha, safishia, pasha, pashia.

Mashine zinapoingia, kanuni hulegea, na kuna sababu. Mashine ya kusaga inasaga yenyewe. Jiwe la kusagia linashikwa na mtu anayesaga. Pampu ya kuvuta maji ndiyo inayovuta. Mashine ikiwa ndiyo mtendaji, kitenzi kitupu kinatosha, na hakuna atakayedhani kwamba mashine ndiyo inayosagwa. Hata hivyo "mashine ya kufulia" na "mashine ya kuchanganyia zege" ni maneno ya kila siku, yakimtazama mtu kuwa mtendaji. Yote mawili yanakubalika. Chagua moja na ulishike kwenye mwongozo mzima. Msomaji akikuta "ya kuchanganya" ukurasa wa 3 na "ya kuchanganyia" ukurasa wa 9 atadhani mna mashine mbili.

Kuna vitenzi ambavyo hali ya kutendea imevipa maana nyingine, na hivi vinahitaji uangalifu. "Vifaa vya kuvutia" ni vifaa vinavyopendeza macho. Kama ni kamba na minyororo ya kuvuta, taja kinachovutwa: "kamba za kuvutia mizigo". "Kuzimia" peke yake ni kupoteza fahamu, kwa hiyo usiandike "vifaa vya kuzimia" ukaishia hapo. Andika "vya kuzimia moto", au ubadili kabisa useme vizima moto. "Vifaa vya kuchezea" ni midoli. Dawa ni moja kwa vyote: kitenzi kifuatwe mara moja na kitu kinachotendwa.

Mahali pengine huhitaji hata kifungu hicho, kwa sababu lugha imekwisha kuunda jina. Ki- ikikutana na kitenzi na mwisho wa -o hupatikana kifuniko, kizibo, kikaango, kinoo. Ki- ikikutana na kitenzi na kitu chake hupatikana kipaza sauti, kinasa sauti, kipimajoto. Mwisho wa -i umetoa kikokotozi na kichapishi. Jina likiwepo, litumie. "Kifaa cha kufungulia skrubu" ni kumzungusha fundi ambaye tangu siku ya kwanza ya kazi amesema bisibisi. Vivyo hivyo kwa jiliwa (ya kubania), keekee (ya kutobolea), timazi na pimamaji.

Upatanisho nautaja kwa ufupi. Kifaa na chombo ni ki-vi: kifaa kipya kimeletwa, vifaa vipya vimeletwa, chombo chake, vyombo vyake, wala si "vyombo zake" kama ulivyoandika. Zana, ala na mashine hazibadiliki umbo, kwa hiyo idadi hujulikana kwenye maneno yanayoandamana nayo, kama kitenzi, kiunganishi (ya, za) au kionyeshi (hii, hizi): zana mpya imeletwa ni moja, zana mpya zimeletwa ni nyingi. Kwenye safu ya orodha ambayo haina kitenzi, andika tarakimu pembeni. Mtambo ni m-mi: mtambo umewashwa, mitambo imewashwa. Ngeli zikichanganyika, "zana na vifaa", upatanisho wa vi- ndio unaokaa kwa wepesi, hasa ukiongeza "vyote": zana na vifaa vyote vilivyoletwa vihesabiwe. "Mavifaa" na "mamashine" yaache kwenye mazungumzo, ambako hukuza kitu. Kwenye mwongozo hayana nafasi. Na vifaa lina a mbili mwishoni, kwa kuwa -faa ina mbili. "Vifa" unamwongoza msomaji kwenye -fa, kitenzi cha kufa.

Ukisikia kwenye kurasa za michezo kwamba timu imeshusha "kifaa kipya" au kwamba mshambuliaji ni "mtambo wa mabao", usidhani neno limeharibika. Aliyesajiliwa anafaa, anayefunga kila wiki anafanya kazi bila kusimama. Wasemaji wamechagua kwa kanuni zile zile za stoo yako.

Sentensi zako sasa. Ya kwanza igawe mara mbili: "Vifaa vinavyoharibiwa na maji, yaani saruji na nondo, vihifadhiwe mahali pakavu, juu ya mbao, visiguse sakafu wala ukuta. Toroli na zana nyingine zioshwe na kukaushwa kabla ya kurudishwa stoo." Ya pili: "Vifaa vya kupimia (pimamaji, timazi na futi kamba) virudishwe kabatini." Ya tatu, kama mlicho nacho ni kile kidogo cha magurudumu: "Mashine ya kuchanganyia zege na zana zilizotumika nayo zisafishwe kwa maji mara tu kazi inapokwisha, kabla zege halijaganda." Nimeiondoa "kila jioni" kwa makusudi. Kazi ikiisha saa sita mchana, kufikia jioni zege limeshakuwa jiwe ndani ya pipa la mashine, na hapo mtahitaji nyundo na tindo.